Mama Mkwe Katika Kitanda cha Tisa

Juma lililopita nilirudisha funguo za kabati la dawa, nikaambiwa sasa nikapumzike. Nimejaribu kupumzika siku tano na bado sijaona utamu wake. Kwa hiyo nimeketi kuwaandikia ninyi mnaobaki zamuni, hasa wanafunzi wapya wanaolalamika kwamba mwaka wa kwanza unawatoa jasho. Vyeo nilivyopata sitavitaja, maana hakuna cheo kilichomponya mgonjwa. Mshahara nao nauacha, mnaujua wenyewe. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyoanza kujifunza kazi ya aide-infirmier, yaani msaidizi wa muuguzi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na jinsi nilivyoponea chupuchupu kukosa kazi na mke kwa pamoja.

Mimi ni mtu wa Kibua, mtoto wa msituni huko Walikale. Katekista wetu ndiye aliyeniandikia barua ya kunipeleka hospitali ya misheni iliyokuwa juu ya kilima Masisi. Nilitembea siku tatu nikiwa na barua hiyo ndani ya kofia na nyama kavu ya mama kwenye majani. Mpango ulikuwa hivi: mwaka mmoja wa kuwa msaidizi, halafu wale watakaofaulu wapelekwe shule kubwa ya wauguzi, wanaoanguka warudi kwao kulima. Nilikuwa najua kulima, na ndiyo maana nilitaka sana kufaulu.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikaona moshi unanitoka mdomoni. Nilidhani nimeshapata ugonjwa wa hospitali hata kabla ya kuonyeshwa wagonjwa. Wenzangu wa Masisi walicheka mpaka wakakaa chini. Ilikuwa baridi tu, kitu ambacho kwetu msituni hatukijui. Tangu siku hiyo waliniita Papa Moshi, yaani Baba Moshi, na walipochoka na jina hilo wakawa wanawaonya wagonjwa kwamba watu wa Walikale wanakula nyani, kwa hiyo mwenye mikono yenye manyoya aifunike.

Mkubwa wetu alikuwa mtawa wa Kizungu tuliyemwita Masere. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, na viatu vyake havikutoa sauti, jambo ambalo si haki kwa mtu mwenye mamlaka. Mwalimu wetu wa kila siku alikuwa Papa Bonifasi, muuguzi wa zamani mwenye mvi kwenye nyusi tu. Yeye ndiye aliyetufundisha kunoa sindano. Ninyi leo mnafungua karatasi na kuitupa sindano ikishatumika. Sisi sindano moja ilichoma wilaya nzima. Tuliisugua juu ya jiwe laini, tukaivuta juu ya pamba kuona kama ncha inanasa, tukaichemsha, tukaanza tena. Kuchoma tulijifunzia kwenye kipande cha mgomba. Mgomba ni mgonjwa mzuri sana, haupigi kelele na hauna ndugu.

Siku yangu ya nne Masere alinionyesha meza ya vyombo akasema, "Chemsha vyote." Nilikuwa mtoto mtiifu. Nilichemsha vyote, na termometa nne pia. Zilipasuka moja baada ya nyingine, na zebaki ikawa inakimbia chini ya sufuria kama wadudu wa fedha. Nilipiga magoti nikaanza kuikamata kwa vidole. Masere aliponikuta hapo hakupiga kelele. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha misheni, "Zakaria, hii ni moja. Ya pili, unarudi Kibua." Kuanzia hapo nilitembea hospitalini kama mtu aliyebeba mayai.

Kulikuwa na sheria moja ambayo lazima muielewe. Katika miezi ya mwisho kila mwanafunzi alipewa mgonjwa wake, akamtunza tangu kuingia mpaka kutoka: kumwosha, kumpima homa, kumchoma sindano ya asubuhi na ya jioni. Kubadilishana wagonjwa kulikatazwa. Kukataa mgonjwa ndiyo kabisa. Papa Bonifasi alituambia kwamba mwaka uliotangulia kijana mmoja alikataa kumwosha baba yake mkubwa kwa sababu ya desturi, na Masere akamwambia, "Hapa hakuna mjomba, hakuna shemeji, hakuna mkwe. Hapa kuna mgonjwa na muuguzi." Kesho yake kijana alikuwa njiani na godoro lake kichwani.

Sasa nimlete mchumba wangu. Furaha alikuwa binti wa mlima wa jirani, aliyeleta maharage jikoni mwa hospitali kila Jumanne. Mimi nilianza kupenda maharage. Kufika mwezi wa nane mjomba wangu alikuja kutoka Kibua na asali na nyama ya pori, akazungumza na baba yake Furaha, na mbuzi wa kwanza wakavuka kilima. Mama yake sikuwahi kumwona. Watu wa Masisi na sisi wa Walikale tunabishana juu ya kila kitu, lakini juu ya hili tunakubaliana: mkwe na mama mkwe hawaonani. Akipita njiani, wewe unaingia majanini. Akisikia sauti yako, yeye anajifunika kichwa. Kila nilipokwenda kwao niliketi uani na mzee, na mama akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimjua kwa kikohozi tu.

Na kikohozi hicho ndicho nilichokisikia asubuhi moja wakati Masere ananiita kwenye sali ya wanawake, yaani wodi yao. "Zakaria, kitanda cha tisa. Mapafu. Penisilini asubuhi na jioni. Huyu ni mgonjwa wako."

Kwenye kitanda palikuwa na mlima wa blanketi, hauonekani hata unywele. Pembeni, juu ya kigoda, alikuwa amekaa Furaha. Aliniangalia, akaangalia blanketi, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilitaka kuamini kwamba analia.

Nilirudi nyuma mpaka mlangoni, nikamwita kwa kidole.

"Ule iko nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Iko mama. Homa imemukamata tangu Jumapili. Ni weye njo unakuya kumuchoma?"

"Kumuchoma wapi?"

"Weye njo umesoma, Zaka. Wanachomaka wapi?"

Ninyi mnaosoma mnajua wanachoma wapi: pale mtu anapokalia. Nilisimama pale nikihesabu njia zangu. Nikikataa, Masere anafungasha godoro langu. Nikichoma, mbuzi wanarudi Kibua na nyimbo zinatungwa juu yangu kwenye kila soko. Nikikawia, mwanamke anakufa. Hili la mwisho ndilo lililoniogopesha zaidi, maana kwa kusikiliza pumzi yake tu, fupifupi na yenye mluzi, nilijua hana siku nyingi.

Jambo la kwanza nililofanya ni la kijinga. Nilimwendea mwenzangu Leonari, nikamwomba anichomee kwa siri, nami nitamfagilia vyoo vyake mwezi mzima. Leonari alikuwa na moyo mzuri na mikono ya kupasua kuni. Nilisimama nje ya dirisha. Nilisikia sauti ya mama mkwe kwa mara ya kwanza, na ilikuwa sauti kubwa kuliko nilivyotegemea kwa mgonjwa wa mapafu.

"Yoo! Huyu ananitoboa mupaka kwenye kitanda! Atoke! Asirudie!"

Jioni alikataa sindano kabisa. Furaha alinikuta kwenye kisima, na safari hii hakuwa anacheka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama anasema Leonari hapana. Na weye hapana, kwa sababu uko mukwe. Anasema afazali afe na heshima yake. Zaka, mama yangu anakufa. Fanya kitu."

Nilimpenda sana wakati ule, na nilimwogopa pia. Nikaenda kwa Papa Bonifasi, aliyekuwa ananoa sindano kwenye kibaraza, nikamwambia yote. Aliendelea kunoa.

"Mficha uchi hazai," akasema, "lakini mama mukwe amekwisha kuzaa, basi anaweza kuficha. Weye unataka kuona nini?"

"Sitaki kuona kitu, Papa!"

"Njo vizuri. Sasa niambie. Wakipasua mutu hernia, Dokta anaonaka mutu?"

"Hapana. Anaona ngozi tu. Iko kile kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Kile chenye tundu katikati."

"Mm," akasema Papa Bonifasi, akaipima ncha kwenye pamba. "Viko kwenye sanduku la sali ya upasuaji, upande wa kushoto. Lakini miye sijasema kitu. Miye niko nanoa sindano."

Usiku haujaingia nilikuwa na kitambaa hicho tumboni, chini ya koti. Furaha aliingia nacho chini ya blanketi kama mtu anayeingia hemani, akakitandika mwenyewe, akaacha tundu mahali panapostahili. Mama alibaki amefunikwa kuanzia kichwa hadi vidole vya miguu, na katikati ya milima yote hiyo palikuwa na kijidirisha cha ngozi, upana wa kiganja. Ngozi haina jina wala haina binti. Nilipaka spiriti.

Lilibaki tatizo la kuongea, maana nalo limekatazwa. Tulifanya hivi, na Furaha katikati yetu, sote watatu tukiwa ndani ya hatua moja:

"Mwambie mugonjwa alegeze mwili."

"Mama, anasema ulegeze mwili."

"Mwambie nimesikia, siko kiziwi."

"Zaka, anasema amesikia."

"Mwambie nachoma sasa."

"Mama, anachoma sasa."

"Mwambie achome, anangoja nini, mvua?"

Nikachoma. Halafu kutoka chini ya blanketi: "Furaha, uliza kama amekwisha kuchoma." Kwa muuguzi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, na nimeingoja mara nyingi baadaye nisiipate.

Tulikwenda hivyo siku sita, asubuhi na jioni. Nilimpima homa kwa kumpa Furaha termometa na kuipokea mgongo ukiwa umegeuka. Homa ikashuka. Mluzi ukaisha. Siku ya tano mama alianza kutuma malalamiko kuhusu uji, nikajua atapona. Kosa langu, na ni kosa la furaha, ni kwamba nilisahau kukirudisha kitambaa. Kilikuwa kinakaa chini ya godoro lake, tayari kwa zamu.

Siku ya saba Papa Bonifasi alikuwa amekwenda Mweso kuchukua dawa. Asubuhi hiyo Dokta alikuwa na mtu wa kupasuliwa, na vitambaa havikutimia. Masere alitafuta kwenye sanduku, kwa mfuaji, kwenye kamba, kisha akapita sali kwa sali kwa viatu vyake visivyo na sauti. Mimi nilikuwa mbele ya kitanda cha tisa na sindano mkononi. Pembe ya kitambaa ilikuwa imetokeza chini ya godoro. Akaivuta, na kitambaa kikatoka chote, na tundu lake.

"Nani?" akasema.

Kulikuwa na wanawake kumi na wawili, nusu yao majirani wa mama, na kila mmoja alikuwa ameinua kichwa. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ningesema ukweli, ningemvua nguo mama mkwe mbele ya kilima chake chote: kwamba mkwe wake anamchoma pale, mara mbili kwa siku. Heshima ile aliyokuwa tayari kuifia, ningeitupa mimi ili nibaki na godoro langu. Nilikuwa naiona njia ya Kibua yote, siku tatu, kila tope.

"Termometa nne nilisamehe," alisema Masere. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya uchungu, na hiyo iliniumiza zaidi. "Lakini mwizi, hapana. Funga mizigo."

Furaha alisimama kutaka kusema, lakini blanketi lilimtangulia. Lilitikisika, likashuka, na akatokea mwanamke mwenye uso mpana, nywele zimelala upande mmoja, macho makali kama ya mtu anayechagua mbegu. Wanawake waligeuza nyuso zao ukutani kwa niaba yake. Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Masere, acha kijana," akasema. "Huyu iko mukwe wangu. Kwetu hawezi kuniona, na miye siwezi kumuona. Nilikataa sindano, nikasema nitakufa. Njo akaleta kile kitambaa. Siku sita ananichunga, hajaniona hata kucha. Mutu wa namna ile ataiba nini? Kama unamufukuza, unifukuze na miye."

Masere alishika kitambaa, akachungulia kwenye tundu, akaniona mimi upande wa pili. "Kwa nini hukuniambia?"

"Masere, ulisema hapa hakuna mukwe."

Alikuwa mwekundu muda mrefu. Nilidhani analipuka. Kisha akakikunja kitambaa mara nne, kwa uangalifu mkubwa, akasema, "Hiki kinakwenda kufuliwa. Sindano ya jioni utachoma wewe." Alipofika mlangoni alisimama akiwa ametupa mgongo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika vilevile kama ya Furaha siku ile.

"Na weye," mama akaniambia, "inua uso. Mambo imekwisha kuharibika, basi nikuone vizuri." Nikainua. Aliniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Kumbe! Furaha alinidanganya. Alisema uko murefu."

Mngedhani mambo yameishia hapo. Habari ilifika nyumbani kabla ya jua kutua, na kesho yake alikuja baba yake Furaha na wazee wawili, wakaketi kwenye nyasi mbele ya sali, nyuso zao nzito. Mama alikaa ndani ya mlango kwenye kigoda. Mimi nilisimama katikati, koti langu limejaa jasho.

"Mukwe ameonana na mama mukwe," alisema baba yake Furaha. "Wamesemeshana. Tutaita hii nini?"

"Haiko mukwe," mama akajibu papo hapo. "Mukwe hawezi kunichunga vile. Huyu iko mutoto wangu."

Mzee alivuta tumbaku yake. "Kama iko mutoto wako, basi Furaha iko dada yake. Hakuna ndoa. Tutarudisha mbuzi."

Jana niliokolewa kazi, leo nanyang'anywa mke, na mtu yuleyule kwa upendo uleule. Furaha alinishika mkono mbele ya wazee wote, jambo ambalo halikufanyika siku zile, na hakuna aliyemkemea, maana wote walikuwa wanamtazama mama. Alikuwa ameinama, anafikiri. Kisha akainua mguu wake, akaugonga kwenye kizingiti.

"Muone hapa," akasema. "Ndani ya hospitali, iko mutoto wangu. Inje, iko mukwe. Kizingiti njo kinagawa. Nani hapa anaweza kusema mulango haujui kazi yake?"

Wazee walibishana tangu asubuhi mpaka mchana. Mwisho walikubali, kwa sharti kwamba niwape kuku wawili wa kuosha macho yaliyoonana, mmoja kwa macho yangu na mmoja kwa macho ya mama. Nadhani njaa iliwasaidia kuelewa.

Siku mama alipotoka hospitalini nilimshika mkono tangu kitanda cha tisa. Alinisemesha njia yote: nile vizuri, nisimwache Furaha abebe kuni peke yake, Leonari asikaribie mtu. Tulipofika kizingitini akaniachia mkono katikati ya neno, akavuta nguo juu ya kichwa, akatoka. Mimi nikageukia ukuta, kama inavyopasa. Nilisikia hatua zake zikishuka kilima na sikuweza hata kumuaga. Sikutegemea kwamba heshima inaweza kuuma namna ile.

Nilifaulu mwaka huo. Nilikwenda shule kubwa, nikarudi na Furaha akawa wangu, nikawekwa katika hospitali ileile. Kwa miaka yote hiyo, kila nilipokutana na mama njiani niliingia majanini na yeye akajifunika, na kwenye arusi yetu alikaa nyuma ya nyumba, nikamsikia tu akiimba. Lakini kila mwisho wa mwezi alipanda kilima peke yake, akapanga mstari na wagonjwa, akangoja zamu yake. Mara ya kwanza nilimpima homa, nikasikiliza mapafu, nikaangalia ulimi. Sikuona kitu.

"Mama, unaumwa na nini?"

Aliangalia nyuma yake, kuhakikisha kwamba kizingiti kimeshapitwa.

"Siumwi na kitu," akasema. "Nimekuya kusemesha mutoto wangu."